Fundi wa Chipu Anajibu: Prosaundi, SID, Amiga na mengineyo

Safu hii ni ya wanaopiga muziki kwa mashine kongwe za gemu na kompyuta kongwe. Toleo lililopita niliandika kwamba Game Boy ya kwanza, ile ya 1989, bado inapiga besi kuliko wadogo zake wengi waliokuja baadaye, basi maswali yakaja mengi mno, mengine ya kugombana kabisa. Nimechagua haya. Walionitumia picha za bodi zilizoungua bila swali lolote, poleni, nimeziona.

Shikamoo fundi. Nina Game Boy ile kubwa ya kijivu na LSDj (programu ya kutungia muziki kwenye Game Boy) inafanya kazi vizuri, ila nikichomeka kwenye miksa kuna mvumo na besi ni kama haipo. Kila mtu ananiambia "fanya prosaundi" lakini hakuna anayenieleza ni nini na kwa nini. Nifanye?
*— Kijana wa Kijivu*

Marahaba kijana. Iko hivi, chipu yenyewe ndani ya Game Boy inatoa sauti safi tu, chaneli nne, mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe kwa sampuli 32 za biti 4, na moja ya kelele, alafu sauti hiyo inapita kwenye kile kigurudumu cha volyumu, ikitoka hapo inaingia kwenye amplifaya ndogo, ndo inagawanywa kwenda kwenye spika na kwenye jeki ya hedifoni. Uchafu mwingi unaongezeka kuanzia hapo kwenye amplifaya, na besi inaliwa hapohapo, maana ile njia ilitengenezwa kwa ajili ya kaspika kadogo na hedifoni za mfukoni, hakuna aliyewaza siku moja mtu ataichomeka kwenye spika za ukumbi.

Prosaundi ni kuchukua sauti kabla haijafika kwa amplifaya. Waya tatu basi: kushoto, kulia na hasi, unazilehemu kwenye miguu ya kile kigurudumu cha volyumu kisha unazipeleka kwenye jeki mpya. Ukichukua kwenye miguu ya kuingilia sauti, yaani kabla ya kigurudumu, volyumu ya Game Boy haitagusa tena sauti inayotoka na utaiongoza kwenye miksa, hii ndo mi naipenda. Ukichukua baada ya kigurudumu unabaki na uwezo wa kupunguza hapohapo mkononi ila kile kigurudumu kikiwa na vumbi utalisikia vumbi lote. Usikariri mguu upi ni upi kutoka kwenye picha ya mtu, chukua mita, weka kwenye mlio, mguu mmoja ushike kwenye hasi ya betri, unaolia ndo hasi, iliyobaki ifuatilie taratibu.

Kitu kimoja watu hawaambiwi: sauti ya prosaundi ni ndogo kuliko ya jeki ya hedifoni na haina nguvu ya kusukuma hedifoni yenyewe, kwa hiyo ukiifunga alafu ukachomeka hedifoni moja kwa moja utadhani umeharibu. Haijaharibika, ipeleke kwenye miksa au kwenye amplifaya ya hedifoni.

Lakini kabla hujafungua hata skrubu moja, nijibu hili: huo mvumo unatokea ukiwa kwenye betri au kwenye adapta? Kama ni adapta tu, weka betri nne mpya usikilize tena. Na kama sauti inakatika au inakwaruza ukigeuza volyumu au ukigusa swichi ya kuwashia, ni uchafu, mwagia spiriti ya asilimia 99 (ile ya kusafishia vifaa vya umeme, sio ya kidonda yenye maji mengi), chezesha swichi mara nyingi, acha ikauke. Kuna Game Boy nyingi tu zimetobolewa zikawekwa jeki mpya wakati shida ilikuwa swichi.

Fundi mambo, mi nataka nianze na taa ya nyuma ya kioo kwanza maana usiku sioni kitu, prosaundi ntafanya baadae. Sawa?
*— Bundi*

Poa. Kioo ni chako, ila kwa muziki mi ningegeuza mpangilio. Kila taa unayoweka inakula umeme uleule ambao chipu ya sauti inautumia, na hizi seti za kisasa za vioo vya IPS ndo zinakula zaidi kuliko kioo cha asili na baadhi zinaleta mlio mwembamba kwenye sauti ambao huusikii kwenye spika ndogo lakini kwenye miksa upo umekaa unakungoja. Ukishafanya prosaundi kwanza utajua sauti yako safi ilikuwaje, alafu ukiweka taa na mlio ukatokea unajua umetoka wapi. Ukifanya kinyume utabaki unakisia.

Kama bado unataka taa, ile njia ya zamani ya kubaki na kioo cha asili ni nzuri kuliko watu wanavyoisema. Unabandua ile karatasi ya fedha iliyogandishwa nyuma ya kioo, polepole, kuanzia pembeni, ukisukuma kwa nguvu kioo kinapasuka na hapo hamna dawa. Unasafisha gundi, unaweka bamba la taa na karatasi mpya ya kuchuja mwanga. Kwa kuwa rangi zitaonekana zimepauka, watu wanaongeza kachipu kadogo ka 74HC04 kanakogeuza data mbili za kioo ili nyeusi iwe nyeupe, kisha wanageuza na ile karatasi, picha inarudi sawa ila weusi wake umekolea. Wanaita baiveti. Hii napendekeza kwa mtu ambaye mkono wake umeshazoea chuma cha lehemu, sio kazi ya kwanza.

Ile mistari ya wima iliyokufa kwenye kioo, kwa faida ya wengine wanaouliza, mara nyingi inarudi ukipitisha chuma chenye joto la wastani juu ya utepe uliogandishwa chini ya kioo.

Kaka, nimepata Commodore 64 na adapta yake ya asili. Nataka kuongeza SID (chipu yake ya sauti) ya pili nipate chaneli sita. Nimeambiwa 8580 ni nzuri kuliko 6581 kwa hiyo nataka nichomoe iliyopo niweke 8580 mbili. Nipe njia.
*— Chaneli Sita*

Ndugu yangu, ngoja kwanza, weka hiyo adapta chini. Sijakwambia uiwashe.

Adapta ya asili ya Commodore 64 inatoa umeme wa aina mbili, volti 5 za moja kwa moja na volti 9 za kupishana. Upande wa volti 5 una kidhibiti ambacho wamekizika ndani ya gundi ngumu, hakipumui, kinachemka miaka na miaka, na kikifa hakizimi, kinaachia umeme upande juu. Wa kwanza kufa ni chipu za kumbukumbu na wanaofuata ni yeyote. Unaweza kuipima leo ikasoma vizuri na kesho ikakuulia mashine katikati ya wimbo, kwa hiyo kupima hakukupi uhakika wowote, kunakwambia tu kama imeshaanza. Nunua adapta mpya ya kisasa iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii au weka kati kile kidude kinachokata umeme ukipita kiwango. Hiyo ndo modi ya kwanza ya Commodore 64 na haina kulehemu wala sifa, lakini bila hiyo zingine zote ni kupoteza chipu ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena.

Sasa SID. Robert Yannes alipoibuni kwa ajili ya mashine iliyotoka 1982 aliipa chaneli tatu, kila moja unaichagulia wimbi la pembetatu, la msumeno, la mapigo au la kelele, na juu yake kichujio cha kweli cha analogi, ndo maana inasikika kama sinthesaiza na sio kama mlio wa gemu. 6581 ni ya mwanzo, 8580 ni ya baadaye. "Nzuri kuliko" hapo hamna. 8580 ni safi, kichujio chake kinatii na kinafanana chipu kwa chipu. 6581 ni chafu, inapiga kelele, na kichujio chake kinatofautiana hata kati ya chipu mbili za aina ileile, lakini ule ukwaruzaji ndo watu wanautafuta kwenye besi. Kuna na hili: zile sampuli za ngoma zinazopigwa kwa kuchezea rejista ya volyumu zinatoka kwa nguvu kwenye 6581, kwenye 8580 zinakuwa za kunong'ona mpaka uongeze rezista moja kwenye pini ya kuingizia sauti.

Muhimu zaidi ni kwamba hazibadilishani hivihivi. 6581 inakula volti 12, 8580 inakula volti 9. Ukichomeka 8580 kwenye bodi ya volti 12 umeiua. Na zile kapasita mbili za kichujio pembeni yake ni tofauti, pikofaradi 470 kwa 6581 na nanofaradi 22 kwa 8580, ukizisahau mashine itawaka, sauti itatoka, kichujio kitafanya vituko na utakaa unalaumu programu. Kwa hiyo kabla ya yote soma kilichoandikwa kwenye chipu yako, alafu pima pini ya 28 uone bodi inatoa ngapi.

SID ya pili yenyewe zamani walikuwa wanaipandisha mgongoni mwa ya kwanza, miguu mingi inalehemiwa mguu kwa mguu, isipokuwa wa kuchagulia chipu, wa kutolea sauti, wa kuingizia sauti na ile ya kapasita za kichujio, hiyo inakunjwa juu na kupewa waya zake. Inafanya kazi, ila 6581 inachemka sana na ukiziweka mbili zimelaliana unazipika zote, afadhali utumie kibao kidogo cha saketi cha kuchomeka kwenye soketi ambacho kinaweka chipu mbili pembeni kwa pembeni, na siku ukichoka unachomoa mashine inabaki kama ilivyozaliwa. Anwani ya kawaida ya SID ya pili ni $D420, hakikisha treka yako, yaani programu unayotungia muziki, inaijua. GoatTracker ina toleo lake la stereo na SID-Wizard ina lake pia.

Na kama soketi ya pili utaijaza na chipu mbadala ya kisasa kama ARMSID, hakuna atakayekucheka, mi mwenyewe nashauri hivyo. Ile ya asili moja ipe kazi ya besi, mbadala ipe juu.

Ah, na usiguse soketi za joistiki kwa vidole mashine ikiwa inawaka. Zile pini zinaenda karibu moja kwa moja kwenye chipu za ndani, cheche ndogo ya zulia inatosha.

Dada yangu ananiuzia Amiga 500 Plus. Nimeisikia, sauti imefifia kama iko nyuma ya pazia, na kwenye hedifoni ngoma ziko sikio moja na besi sikio lingine, inachosha. Nitoe kapasita gani?
*— Masikio Mawili*

Usitoe yoyote kwa sababu hiyo. Ule ufifi ni kichujio ambacho Amiga yenyewe inakiwasha na kukizima kwa programu, taa ya umeme iking'aa sana ujue kipo kazini, ikififia ujue kimezimwa. Kwenye ProTracker, treka ya Amiga, andika E01 kwenye mstari wa kwanza wa wimbo, kwisha. Kinabaki kichujio kingine kidogo cha kudumu kwenye saketi, na hicho watu wengine hukiondoa, mi nakiacha maana bila hicho sampuli za biti 8 zinaanza kuwasha masikio.

Kuhusu kushoto na kulia, Paula, yaani chipu ya sauti ya Amiga, ndivyo alivyo, chaneli ya 1 na ya 4 kushoto, ya 2 na ya 3 kulia, bila kuchanganya hata tone. Usikate bodi, sogeza paneli za miksa yako katikati kidogo kila upande na itakaa vizuri. Ukumbini ni tofauti kabisa, nusu ya watu watasikia nusu ya wimbo, kwa hiyo kule changanya zaidi.

Kinachonitia hofu ni neno "Plus". Amiga 500 Plus ina betri ya kuchaji imelehemiwa kwenye bodi kwa ajili ya saa, na betri hizo zimeshavuja karibu zote. Kabla hamjakubaliana bei mwombe dada afungue muangalie pamoja. Ukiona kijani au unga pembeni ya betri, ikate itoke leo leo, hata kama huna mpango wa kuweka nyingine, mashine inawaka bila hiyo. Maji yake ni ya alkali kwa hiyo yanapozwa na siki iliyochanganywa na maji, kisha spiriti, kisha kukausha vizuri, alafu unafuata nyaya za bodi moja moja na mita. Wenye Amiga 600 na 1200, nyie hamjapona, kapasita zenu ndogo za juu ya bodi ndo zinazovuja, na zenyewe zinaanza kula kwanza maeneo ya sauti.

Je ni kweli naweza kuweka kitasa cha kupunguza spidi ya Game Boy nipate besi ya chini zaidi?
*— Pole Pole*

Kweli. Unatoa kristali ya megahezi 4.194304, mahali pake unaweka kichipu cha LTC1799 chenye kitasa, ukizungusha mashine nzima inapungua au inaongezeka mwendo. Nasema mashine nzima, sio sauti tu. Noti inashuka na tempo inashuka nayo, na kioo kinaanza kupepesa. Ukiwa na mwenzako mnapiga pamoja, utatoka kwenye tuning yake na hautarudi kwa sikio tu, labda uweke swichi ya kurudi kwenye kristali, na hiyo swichi ukiigeuza wimbo ukiwa unapiga mara nyingi programu inaganda.

Kwa kelele na majaribio ni raha sana. Kwa wimbo wenye mpangilio, mi nisingeiweka kwenye mashine yangu kuu.

Fundi nimepoteza nyimbo ZOTE. Niliacha Game Boy kabatini, nimewasha leo LSDj iko tupu kama mpya. Nimelia. Nini kimetokea na je zinarudi?
*— Kabati*

Pole sana. Hazirudi. Ndani ya kaseti kuna kibetri cha duara kinachoshika kumbukumbu hai, kikiisha kila kitu kinafutika hapohapo, na kwenye LSDj kumbukumbu hiyo ni kilobaiti 128 tu zenye nafasi ya nyimbo 32, ndo maisha yako yote ya muziki yalikuwa yamekaa hapo.

Kuanzia sasa: kabla ya kubadili betri yoyote toa faili la sevu kwenye kompyuta, kuna visomaji vya USB vya kaseti za Game Boy na kaseti nyingi za kisasa zina kadi kabisa. Betri mpya chukua yenye vibati vyake tayari, au lehemu kishikilio. Usilehemu moja kwa moja juu ya betri ya lithiamu, inaweza kupasuka usoni. Na kila ukimaliza wimbo, nakala. Sio kila mwezi, kila wimbo.

Habari. Nina NES ya kizamani, ile ya kuingiza kaseti kwa mbele, na rafiki yangu ana Famicom. Tunapiga wimbo uleule wa VRC6, kwake unatoka vizuri, kwangu chaneli tatu hazisikiki kabisa. Yangu imeharibika? Na pia nataka stereo.
*— Mbele Mbele*

Haijaharibika. Famicom ya 1983, yaani NES ya Japani, iliruhusu kaseti yenyewe iwe na chipu yake ya sauti, inachukua sauti ya mashine, inachanganya na ya kwake, inarudisha. VRC6 ya Konami inaongeza chaneli tatu kwa njia hiyo, mbili za mapigo na moja ya msumeno. Walipotengeneza NES ya masoko ya nje ile njia ya sauti ikahamishiwa kwenye soketi ya upanuzi iliyo chini ya tumbo la mashine, ambayo haikuja kutumika na chochote cha maana. Kwa hiyo waya upo ila haujaunganishwa. Watu wanaweka rezista ya kiloomu 47 kwenye soketi hiyo, kati ya pini ya 3 na ya 9, na kaseti lazima nayo iwe imetengenezwa kupeleka sauti huko. Hakuna kutoboa, hakuna kukata, na kama hutaki kulehemu kwenye mashine zipo plagi za kuchomeka zenye rezista tayari. Ni modi ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inatumia mlango uliokuwepo siku zote.

Stereo pia ipo nusu njia: chipu ya 2A03 inatoa sauti kwenye pini mbili, ya 1 ina mapigo mawili, ya 2 ina pembetatu, kelele na sampuli. Ukizitoa kila moja na jeki yake unapata njia mbili. Lakini sikiliza, hiyo ni stereo ya ajabu kidogo, melodi zote upande mmoja, ngoma na besi upande mwingine. Faida yake halisi ni wakati wa kurekodi, unapata ngoma na besi peke yake unaziongezea unachotaka.

Na tafadhali msibadilishane adapta wewe na rafiki yako. Ya NES inatoa volti 9 za kupishana, Famicom inataka volti 10 za moja kwa moja, na plagi inaingia vizuri kabisa bila kulalamika. Famicom yake ndo italalamika.

Sijawahi kushika chuma cha lehemu maishani. Ninunue nini, na nianze na mashine ipi?
*— Mikono Mitupu*

Chuma chenye kurekebisha joto, kiweke kati ya digrii 320 na 350. Lehemu ya 63/37, inayeyuka kwa 183 na inaganda haraka, ni rafiki wa anayeanza ila ina madini ya risasi, nawa mikono na fungua dirisha. Flaksi, dawa ya kufanya lehemu ishike, nyingi kuliko unavyodhani. Utambi wa shaba wa kunyonyea lehemu. Mita. Bisibisi ya mabawa matatu kwa ajili ya Game Boy, alafu zile za soketi ya nyota ya ndani, milimita 3.8 kwa kaseti na 4.5 kwa konsoli kama SNES na N64. Ukijaribu kufungua zile skrubu na kalamu iliyoyeyushwa kama watu wanavyoonyesha, sawa, mara ya kwanza itafungua.

Mashine ya kuanzia ni redio mbovu. Sitanii. Toa vipande vyake vyote, virudishe, toa tena. Ukiona viungo vyako vinang'aa na vimekaa kama vilima vidogo badala ya mipira, chukua Game Boy. Inatumia betri, ndani hakuna umeme wa kuua mtu. Mashine zenye paua saplai ya umeme wa ukutani humohumo ndani, mfano Atari ST nyingi, na hasa chochote chenye kioo cha kichogo, usifungue bado. Kapasita zake zinashika umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Kwani kuna haja gani ya yote haya wakati kompyuta inaiga mashine zote bure?
*— Mchokozi*

Kwa kutunga hamna haja, na hilo nalisema bila kinyongo. Furnace ni treka ya bure, inajua chipu za mashine nyingi, FamiTracker ipo kwa ajili ya NES, LSDj yenyewe inakwenda kwenye emuleta. Mtu asiye na wimbo hata mmoja akaanza na kununua mashine nne za kumodi, huyo anapenda lehemu zaidi ya muziki, ni sawa pia lakini ajijue.

Mashine ya kweli inaleta vitu viwili. Kichujio cha 6581 fulani, ile uliyonayo wewe, emuleta inaiga 6581 ya mtu mwingine. Na jukwaani Game Boy unaishika, vitufe viko chini ya vidole na hakuna kinachokuja katikati kukwambia kuna sasisho jipya.

Fundi, tuko wawili, mi nina Game Boy mbili na mwenzangu ana Atari ST yenye sequensa. Tunataka vyote viende tempo moja. Tukichomeka vyote kwenye miksa kuna mvumo mkubwa sana, kila kimoja peke yake kiko safi.
*— Wawili*

Mvumo ni hasi zenu zinakutana mara mbili, mara moja kupitia umeme na mara moja kupitia miksa. Game Boy zote mbili ziende betri, mkishindwa kabisa basi kila moja na chaja yake, msigawane chaja moja. Ukibaki mvumo upande wa Atari weka transfoma ya kutenganisha sauti kwenye waya wake.

Tempo ni rahisi kuliko mnavyodhani. Game Boy mbili zinaungana kwa waya wa linki, kwenye LSDj moja unaiambia iongoze nyingine ifuate, angalieni tu plagi maana ya ile kubwa ya 1989 ni pana kuliko ya Pocket na Color, kuna waya wenye vichwa tofauti kila upande. Atari ST ina MIDI (lugha ya vyombo vya muziki kuwasiliana) imejengwa ndani tangu 1985 na tempo yake imetulia sana, kwa hiyo yeye ndo awe mwalimu wa wote. Katikati mnahitaji kitafsiri cha kugeuza MIDI kuwa linki, Arduinoboy ndo inayojulikana, michoro iko wazi na inajengwa kwenye Arduino ya kawaida kwa jioni moja kama mkono wako si mzito. Anzeni na Game Boy moja tu ikimfuata Atari, ikikaa sawa nyimbo nzima bila kuteleza ndo muongeze ya pili. Na waya wa linki ufungeni kwa utepe kwenye meza, ukichomoka katikati ya wimbo, ile Game Boy inayofuata inasimama kimya na itawabidi msimamishe vyote muanze upya.